Jogoo wa Kota Namba Saba

Mayu,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya ukoo mzima, wenye miguu na wenye mabawa, nakutangazia, mama yangu, kifo cha Katibu, jogoo wako mwekundu, kilichotokea Jumamosi iliyopita saa nne asubuhi. Marehemu hakuugua. Ameacha matetea wawili na majirani wengi ambao sasa wanalala mpaka jua linawachoma usoni. Sababu ya kifo nitakueleza mwishoni, kwa kuwa nikianza nayo utanigeuzia mgongo huko uliko, kama ulivyokuwa ukifanya nikichelewa kurudi na ugali umepoa.

Habari ya pili ni kubwa zaidi. Nimelipa kisasi, Mayu. Mimi, mwanao Masanja, ambaye ulikuwa ukisema hata nzi namfukuza kwa kumwomba radhi. Nimelipa, na nimelipa vizuri, na kwa siku nne nzima nilitembea mjini Shinyanga kifua mbele kama mtu aliyeua simba.

Kota ya serikali wametunyang'anya. Namba saba yote: vyumba vitatu, bati lililokuwa likikuogopesha mvua ikinyesha, na lile bomba la uani tulilochangia na namba nane. Unajua nyumba ile nilipewa kama mtu mwenye familia. Kisha Mama Limi akafunga mizigo, akachukua watoto, akarudi kwao Mhunze, akisema yeye hakuolewa na greda. Simlaumu. Dereva wa greda ni mtu wa ajabu: nasawazisha barabara za mkoa mzima, ya kwangu imejaa mashimo.

Kila mwaka Bwana Nyumba, karani wa ofisi ya nyumba, alileta fomu niandike nani analala ndani. Na mabadiliko yoyote, sharti niyaripoti kabla mwezi haujaisha, maana asiye na mke wala watoto ndani huhamishiwa chumba kimoja cha makapera. Mimi nikaandika kana kwamba Mama Limi yuko jikoni anakaanga dagaa. Wewe sikukuandika kabisa. Nilikuwa nimekutoa kijijini miguu imevimba ili uwe karibu na hospitali ya Kolandoto, nikaona nikisema ukweli tutabanana kwenye chumba cha kapera, wewe na mimi na Katibu juu ya kitanda kimoja. Nikakufundisha: "Akija mtu wa ofisi, Mayu, sema umekuja kutembea." Ukaitazama miguu yako, ukanitazama mimi. "Kutembea? Kwa hii?"

Ulipofariki nilikuwa Runzewe na greda. Hilo halijanitoka rohoni. Aliyekupakia kwenye Land Rover ya watu kukupeleka Kolandoto ni Mama Shija wa namba nane. Aliyekushika mkono ni yeye. Ndiye aliyekuwa akikusuka nywele, akikuosha, akijua saa za vidonge vyako kuliko mimi. Maneno yako ya mwisho aliyasikia yeye, mimi nikasikia vumbi. Nilipofika alinipokea mlangoni, kanga kichwani, akasema: "Baba Limi, mama amesema usisahau kumshukuru mwenye nyumba."

Mwenye nyumba! Bwana Nyumba, mtu ambaye nilikuwa nikimkimbia mwaka wa pili sasa! Nikaliweka neno lile moyoni kama mtu anayeficha kisu.

Tulikuzika nyumbani. Siku nne baada ya kuanua matanga nikapata barua ya ofisi: imebainika kwamba mke na watoto hawaishi katika nyumba, na kwamba aliishi humo mtu mwingine ambaye hakuripotiwa. Mtu mwingine. Ndiwe huyo, Mayu.

Nani alisema? Sikuhitaji mganga. Nani aligombana nasi kwa sababu ya Katibu na mchicha wake? Nani alisimama kwenye ua, mikono kiunoni, akapiga kelele mtaa mzima usikie: "Huyu jogoo wenu na yeye ameandikwa kwenye fomu? Nitampeleka kwa Bwana Nyumba mwenyewe!" Tena yule tetea wako mweupe aliyepotea, nilipokuuliza ukanijibu tu, "Amekwenda mahali pa heshima," nikajua unamfichia mwizi aibu yake. Na sasa hilo la kumshukuru mwenye nyumba, kama mtu anayenicheka. Nikajumlisha, na jumla ikatoka Mama Shija. Darasani hesabu hazikuwa somo langu, unakumbuka.

Nilikwenda mbele ya kamati ya nyumba na shati la kuazima. Mwenyekiti akaniuliza, "Ndugu Masanja, mkeo yuko wapi?" Nikasema sokoni. "Tangu mwaka juzi?" Nikamwambia, "Foleni ya sabuni ni ndefu, ndugu Mwenyekiti." Walicheka mpaka mmoja akavua miwani akafuta machozi. Nikadhani nimeshinda. Walipomaliza kucheka wakanipa wiki mbili nitoke.

Basi nikaanza vita. Kila asubuhi nilitoboa ua kwa makusudi, Katibu akaingia kwenye mchicha wa Mama Shija na matetea wake nyuma kama ziara ya kiongozi. Bombani nilijaza ndoo polepole, nikaimwaga, nikaisuuza, nikaijaza tena, naye amesimama na dumu lake. "Mwangaluka, Baba Limi," ananisalimia. Mimi naangalia mawingu yasiyokuwepo. Nilidhani atauliza kulikoni. Hakuuliza. Alirekebisha ua wake kwa miiba, akapanda mchicha upya. Hilo likanichoma zaidi.

Ndipo nikakumbuka Runzewe.

Baba Shija alihamishiwa kambi ya Runzewe tangu mwaka jana, na kwa sheria ileile familia ilipaswa kuhama naye. Hawakuripoti. Walitaka Shija amalize darasa la saba hapahapa, mtoto ana akili, walimu wanamtegemea. Siri ile niliijua peke yangu, kwa sababu nikiwa huko na greda nililala kwa Baba Shija, nikala ugali wake, akanipa na blanketi lake mwenyewe akajifunika koti. Aliniambia, "Wewe ni ndugu, hutatusema." Nikamwambia, "Mimi? Nimeze mdomo wangu."

Nilikaa nyuma ya greda, nikaandika barua isiyo na jina. Mwenye namba nane hayupo Shinyanga, nenda Runzewe utamwona. Nikaitupa chini ya mlango wa ofisi saa ya chakula. Mayu, nisikufiche: ilikuwa tamu. Usiseme Mungu anisamehe kabla sijakwambia ilivyokuwa tamu. Kifua kilikuwa kimenibana tangu siku ya Kolandoto, na hapo kikaachia. Nilisema, sasa na yeye ajue nyumba inavyotoka mikononi. Aliyepata mkono wa mama yangu naye akose kitu.

Walimpa siku tatu tu. Vitu vyake vikatoka barazani: vyungu, cherehani, godoro. Shija alikaa juu ya godoro lile na daftari mapajani, anasoma Jiografia, mtihani umekaribia, watu wanapita wanamtazama. Nikaegemea mlango wangu. Nikasema kwa sauti, nikitaka wasikie, "Leo tuko sawa." Mama Shija akageuka, akanitazama kidogo, akaendelea kufunga kamba.

Siku iliyofuata nilikwenda kurudisha funguo. Bwana Nyumba, kijana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, alizipokea, akanikaribisha kiti. Akasema: "Pole na msiba. Mama yako alikuwa mtu wa heshima. Watu wote wakija hapa wanaleta malalamiko. Yeye alileta kuku."

Nikamwambia arudie.

Akanieleza kwamba mwezi uleule ulipofika mjini, ulikwenda ofisini kwake na fimbo yako, na tetea mweupe amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Ulipiga goti mlangoni. Ukasema umehamia kwenye mji wake, na kwenu hakuna mtu anayehamia mahali bila kwenda kumsalimu mwanangwa, mkuu wa pale, na kumweleza wewe ni nani na umefuata nini. Ukamweleza yote: mkwe amekwenda kwao na watoto, mwanao hajui kujipikia, miguu inauma, hospitali iko karibu. Akakuambia yeye ni karani tu, nyumba ni za serikali. Nawe ukamjibu, "Basi kuku ni wa serikali."

"Nilishindwa kumrudisha," akasema Bwana Nyumba. "Nikaifungia fomu yako kwenye droo. Nilijiambia, huyu mama akiwa hai, simtoi. Lakini sasa amezikwa, Ndugu Masanja, na kuna mtu mwenye watoto sita anasubiri mlangoni."

Kisha akavuta droo, akatoa karatasi nyingine, akaiweka mbele yangu. Ilikuwa barua yangu isiyo na jina. Pembeni pana alama ya kidole gumba, nyeusi, ya grisi, imekaa vizuri kuliko sahihi. "Siku nyingine," akasema, "nawa kwanza."

Mayu. Uliniangusha kwa adabu. Nilikuficha, wewe ukaenda kujitambulisha. Na mimi ndiye niliyekulea vibaya mjini, sikukueleza kwamba hapa mwanangwa ana droo. Nimecheka peke yangu njiani mpaka mbwa wakanibwekea, halafu nikakaa kando ya barabara, barabara niliyoisawazisha mwenyewe, nikalia hadi lori likasimama kuniuliza kama nimegongwa.

Sasa nasikiliza unavyosema, "Ng'wanone, mwanangu, umefanya nini?" Nitakuambia nilichofanya, na nitakachofanya. Nilirudi kwa Bwana Nyumba kuomba Mama Shija arudishiwe nyumba mpaka mtihani upite. Akasema namba nane imeshapata mtu. Nikamshukuru kama ulivyoagiza. Shukrani ile ilikuwa chungu kama mwarobaini, lakini niliimeza yote. Ninafyatua matofali ya nyumba yangu mwenyewe huko Ngokolo. Chumba cha kwanza kitakachopata paa ni cha Mama Shija na mtoto wake, mimi nitabaki kwa makapera. Na nikienda Runzewe tena nitalala kwenye greda. Baba Shija nitamwambia mwenyewe, usoni. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na ukiona nasuasua, nitumie ndoto ya fimbo yako.

Imebaki habari ya Katibu. Nilikuahidi sababu ya kifo.

Jumamosi nilimfunga miguu kwa kamba ya katani, nikambeba hadi Ngokolo, kwenye chumba alichopanga Mama Shija nyuma ya mashine ya kusaga. Nilipiga goti mlangoni. Mwanamume mzima, Mayu, goti kwenye pumba. Nikasema nimehamia kwenye ubaya, nimekuja kujitambulisha. Nilikuwa nimeandaa na maneno mengine mazuri, yakanipotea.

Mama Shija akatoka, akamtazama Katibu kwenye kamba yake. Kisha akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniua: "Nilijua ni wewe, Baba Limi. Mtu wa hapa aliyekula ugali wa mume wangu Runzewe ni mmoja tu." Akaingia ndani, akatoka na kisu, akanipa mpini. "Chinja. Huyu amekula mchicha wangu miaka miwili, leo ataulipa."

Nikachinja. Akanyonyoa, akapika, moshi ukitutoa machozi ambayo kila mmoja alisingizia moshi. Hakusema amenisamehe. Sikuuliza. Chakula kilipoiva Shija aliitwa, akafunga daftari, akanawa. Na firigisi, Mayu, ile ambayo tangu nikiwa na meno ya maziwa ulikuwa ukiniwekea mimi kwa kuwa ndiye mwanamume wa nyumba, Mama Shija aliiinua kwa mwiko, akanitazama, akaiweka kwenye sahani ya mtoto.

Mimi nilipewa shingo. Nikaila yote, mpaka mifupa.

Lala salama, mama.

Mwanao,
Masanja