Kinu kitupu kwa mama mkwe

Ratri shoga uko wapi?? Nimeumbuka. NIMEUMBUKA.

Si leo mama yake Thanakrit alitaka nimpikie mchuzi wa kijani wa kuku? Harusi mwezi ujao, na unawajua wazee wetu, mke anapimwa kwa mlio wa mchi. Akakaa sebuleni na mumewe, TV wameizima makusudi, wanasikiliza.

Na mimi viungo nimenunua sokoni kwa Bunsri, vimeshatwangwa, nimevificha kwenye mkoba 🙈

Basi nikawa natwanga kinu kitupu. Tu! Tu! Tu! Jasho linanitoka, na mchuzi nimeshautia vile vya mkobani, unachemka pembeni.

Mara mama mkwe huyo mlangoni. "Mwanangu, kinu chenye pilipili na mchaichai hakilii hivyo. Hicho kinalia kikavu."

KIKAVU, Ratri! Kasikia kutoka sebuleni!

Akachota mchuzi, akaonja. Akafumba macho. Ule ukali, ile chumvi, halafu utamu wa tui unakuja mwishoni… Nikajua harusi ndiyo basi tena.

"Huu wa Bunsri," akasema.

Nikamwambia ndiyo mama, nisamehe.

"Nikusamehe nini? Mimi nanunua kwake mwaka wa thelathini huu."

Shoga, miaka thelathini!!

Akafunga mlango polepole. Akalowesha kitambaa, akakikunja, akakitandika ndani ya kinu, akanirudishia mchi.

"Ukiweka hiki kinalia kama kimejaa. Haya twanga, baba mkwe wako anasikiliza."