Mvua ya Mawe na Mazishi ya Mukhisa

Jumanne, 3 Agosti 2004

Mvua ya mawe jana jioni. Mahindi yangu yote yamelala, majani yamechanika kama nguo za kazi. Asubuhi nimezunguka shambani kama mtu aliyeitwa kutambua maiti. Ya jirani yangu Kemboi, ng'ambo ya ua, yamesimama. Hata jani moja halijatoboka. Kemboi huonekana kanisani kukiwa na harusi tu. Mimi ni mzee wa kanisa!

Kemboi amekuja kunipa pole. Ati labda Mungu alikosea shamba. Wangechi, mke wangu, akacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 4 Agosti

Nimeenda kwa Pasta Hiram kumwambia naacha uzee wa kanisa. Kulima, kupalilia, kuomba, halafu barafu — maana yake nini? Nilingoja aniombee, ama anikemee. Alimaliza ugali kwanza. Kisha akasema yeye naye hajui. Hajui. Na amesomea.

Akasema kabla sijaacha nimsaidie jambo moja. Shangazi yake, Mama Lorraine, anazikwa Bungoma Jumamosi. Yeye atatangulia, mimi nilete shada la maua. Nimekubali kwa hasira. Shambani sina kazi tena.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimerudi. Viatu vina udongo wa kaburi. Si kaburi lile nililotumwa.

Bungoma nilichukua boda ya baisikeli. Nikamwambia mwendeshaji anipeleke kwenye mazishi. Akasema anayajua bana, nikae tu. Sikumwuliza ya nani. Kama Bungoma nzima ina maiti mmoja.

Tulifika boma lenye watu wachache, wamekaa mbalimbali kama waliokosana. Mama mmoja, Peris, akanikimbilia. "Kalibu pasta. Tulifikili hata wewe umekataa."

Nikasema mimi si pasta. Lakini nina suti, Biblia na maua — nani angeamini? Wakanisimamisha kando ya jeneza. Nikaanza: "Mama yetu mpendwa…" Mzee mmoja akakohoa. Peris akaninong'oneza: "Ni kaka yangu. Mukhisa."

Mukhisa, fundi wa baisikeli. Alikuwa amegombana na kijiji kizima. Makanisa mawili yalimfukuza, la tatu halikumpokea. Pasta aliyewaahidi kuja alikuwa amezima simu.

Ningeweza kutoka. Lakini jeneza liko pale, na Peris ananitazama. Nikasema ukweli. "Nimepotea njia. Huyu simjui. Wiki hii hata Mungu simwelewi, amepiga shamba langu mawe akaruka la jirani. Lakini huyu ni mtu, hawezi kushuka bila neno. Anayemjua aseme."

Yule mzee wa kukohoa akasimama. Anaitwa Khaemba. Akasema Mukhisa alimwita mwizi miaka yote. "Na nilipolala mgonjwa, alikuja kila siku kunitukana. Nyinyi wengine hamkuja."

Watu wakacheka, halafu wakatazama chini. Peris akasema kila asubuhi kaka yake aligonga dirisha lake kuona kama ameamka salama, kisha akamgombeza kwa kuchelewa kuamka. Alisema akicheka. Akamaliza akilia.

Nikaomba. Nilianza kwa mazoea, na katikati nikashtuka: namaanisha. Nikamwambia Mungu huyu mkali ni kazi Yake, hakumtengeneza kwa bahati mbaya. Ampokee. Na awe mvumilivu. Hapo kwenye uvumilivu walisema Amina kwa nguvu sana.

Tukaweka shada. Utepe umeandikwa: Mama Lorraine, tutakukumbuka. Wanawake wakaanza kunong'ona. Lorraine ni nani? Ati Mukhisa? Nilieleza, nikarudia. Nadhani walipenda zaidi hadithi yao.

Jumapili, 8 Agosti

Pasta Hiram amenitazama ibada nzima. Shangazi yake amezikwa bila ua. Nilipomweleza ofisini, aliinamisha kichwa juu ya meza, mabega yanatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Uzee wa kanisa hakuutaja. Nami sikuutaja.

Jumanne, 10 Agosti

Tunang'oa mahindi, tupande maharagwe. Bado sijui kwa nini mawe yalichagua kwangu. Nimemwuliza Mungu tena, mkononi jembe. Hajajibu, lakini safari hii sikuondoka.

Saa hizi wageni wamefika kutoka Bungoma, wameniulizia njia nzima: Peris, na mzee Khaemba ameshika fimbo. Ugonjwa umemrudia, anasema hautamwacha. Anataka nimzike mimi.

Nikamwambia apone kwanza.

"Mukhisa hukumjua," akasema. "Mimi nataka unijue mapema."

Amekaa nje, chini ya upenu wa jikoni, ameanza na kuzaliwa kwake. Peris amevua viatu, amechukua jembe langu, ameingia shambani bila kuulizwa. Wangechi anauliza kama wageni watalala. Nimesema naingia kutafuta miwani, naandika haraka.

Mzee anaita. Ati nitoke, bado hajafika hata kutahiriwa.