Suruali Uliyoikata kwa Maneno Yangu

Dada yangu mpendwa, komredi wangu wa kwanza katika mapambano haya,

Shikamoo. Kabla ya yote nakuuliza hali. Je, miguu bado inavimba ukikaa sana kwenye cherehani? Ile mashine ya kusafisha damu inakuachia nguvu za kupanda ngazi, au bado unasimama ngazi ya nne ukijidai unatafuta ufunguo? Mama naye anaendelea kukuhesabia vikombe vya maji? Mfikishie shikamoo yangu, na umwambie asikunyang'anye kikombe mbele ya wateja. Hata mfungwa ana haki ya kunywa kwa heshima. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hautulii. Barua hii nimeianza mara nne.

Unakumbuka daktari alivyotueleza kwamba figo yangu inakufaa, ila mwenye figo bado hafai. Nipunguze kilo kumi na mbili kwa miezi mitatu, alisema, la sivyo hatanigusa kwa kisu. Nilitoka pale kama mtu aliyetangaziwa vita. Wiki ile ile nikaitisha mkutano chuoni, nikasimama juu ya ngazi za uwanja na spika ya mkono, nikawaambia waliohudhuria kwamba kitambi ni mkoloni: aliingia kama mgeni, akaomba kiti, na leo ndiye anayetupangia tukae wapi. Walipiga makofi hadi vumbi likatimka. Kesho yake alfajiri walifika wanafunzi ishirini na sita, wapishi wawili wa kantini na mhadhiri wa takwimu, wote tayari kwa mchakamchaka.

Nilipokuandikia habari hizo ulijibu kwamba ulicheka hadi sindano ikakuchoma kidole. Mama akaongeza kwa mwandiko wake kwamba hajasikia kicheko chako tangu ulipoanza matibabu. Jibu hilo, dada, nililisoma kila siku.

Wiki ya tatu mvua ilianza, na hamasa ikaanza kuvuja. Huyu goti linamuuma, yule ana mtihani, mwingine viatu vyake havijakauka. Nikaona wajibu wangu ni kupandisha ari. Kila alfajiri nikawa juu ya ngazi zile nawahesabia mizunguko, nawakemea wanaotembea, nawasifu wanaohema. Anayepita mbele yangu nilimkumbusha kwamba mwili uliozoea raha haung'oki madarakani kwa hiari. Na walibadilika, nakuapia! Mhadhiri alitoboa mkanda wake tundu jipya, kisha la pili. Mwenzangu wa chumbani, niliyembatiza Godoro, sasa anapanda ghorofa tatu huku anapiga mluzi.

Juzi mpishi mkubwa wa kantini, mama mwenye ulimi usiopumzika, aliniuliza mbele ya kikosi kizima eti mwenyekiti wao anatarajia kutoka jasho lini, maana kwa asubuhi arobaini amemwona akikimbia mara moja tu, siku betri za spika zilipokwisha. Akaniomba msamaha akisema huenda mimi hupungua kwa kupiga kelele. Watu walishika mbavu. Nami nilicheka, tena kuwashinda.

Jioni hiyo hiyo nikapokea kifurushi chako.

Nilitambua kitambaa kabla sijamaliza kufungua. Ni kile cha bluu cha baba ulichokuwa umekiweka akiba. Uliandika kwamba umeikata suruali kwa hesabu ya kilo nane nilizokutajia, kwa kuwa kiuno changu unakijua tangu ulipokuwa unanibeba mgongoni, na kwamba niivae siku ya kupimwa hospitali. Mshono wa ndani umeurudia mara mbili. Najua mkono wako ukichoka unavyotetemeka, na katika mshono ule sikuona pindo lililopinda.

Suruali haikupita mapajani, dada.

Nilijilaza kitandani, nikavuta pumzi, nikaivuta tena. Godoro akashika upande mmoja, akauachia. Sijapungua kilo nane. Nimepungua kilo moja na nusu. Wiki ya kwanza nilikutajia kilo mbili kwa sababu ulikuwa umecheka; wiki zilizofuata sikupata ujasiri wa kukunyang'anya kicheko hicho. Nimewakimbiza watu thelathini ili nisikimbie mimi. Na ukweli ulio chini ya uvivu ni woga: nakiogopa kisu. Kila kilo niliyoibakiza ilikuwa kilo ya kukisogeza mbali, huku wewe unaunganishwa na mashine mara tatu kwa wiki.

Usiku sikulala. Kulipokucha nilifikiria kushinda njaa hadi siku ya mizani, lakini nikaenda kwanza kwa daktari, nikamweleza yote. Muuguzi aliyekuwepo alinikaripia kwamba nikijikausha hivyo nitaiharibu figo ile ile ninayodai kuitoa. Daktari amesogeza siku ya upasuaji kwa wiki nane. Nilimuuliza kama unaweza kusubiri. Alilifungua tena faili lako, akalisoma hadi mwisho, ndipo akasema unaweza, ukifuata masharti. Neno lile 'ukifuata' bado ninalo kifuani.

Spika nimemkabidhi mpishi. Leo asubuhi nilikimbia mizunguko miwili nikiwa wa mwisho, akanitangaza uwanja mzima kama treni ya mizigo. Kesho nitakimbia tena. Woga haujaondoka, nakimbia nao.

Suruali usiipanue. Wasalimie wote nyumbani, na unisamehe utakapoweza. Mkutano wetu unaofuata ni Jumamosi, saa moja kamili asubuhi, chumba cha mizani hospitalini, kabla hujaunganishwa na mashine. Ajenda ni moja. Njoo na futi yako, dada. Safari hii usiniulize, nipime.

Ni mimi, mdogo wako,
Mwenyekiti asiye na spika