Ukoo wa Fundi wa Friji

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini kifua kimepoa na umeacha kujifanya daktari wa nafsi yako. Huku tu wazima. Goti la Mama bado linamsumbua, ila mdomo hauna ugonjwa.

Uliniagiza nimchunguze yule fundi wa friji anayesema ni mtoto wa marehemu Baba. Shangazi naye alinikalia kooni: si kazi yangu kupasua wadudu wa baharini nijue nani ndugu ya nani? Binadamu mmoja atanishinda vipi? Nikacheka, lakini nikamwita fundi maabara, kisingizio friji ya sampuli inavuja.

Siku hiyo nilikuwa na sinia la vile viganda vyeupe vinavyong'ang'ania mwambani pamoja na chaza. Kwa nje utaapa ni ndugu. Nilimfungulia kimoja akitazame kwa hadubini, akaona miguu myembamba yenye vifundo. Nikamweleza kwamba huyo ni wa ukoo wa kamba na kaa. Amefanana na chaza kwa sababu wote wanaishi kwenye mawimbi yaleyale. Akacheka, kichwa ameinamisha, mkono kiunoni. Kaka, alikuwa Baba mtupu. Nikampigia Mama simu papo hapo nikamwambia huyu ni wetu. Mama akalia, na hakulia kwa hasira.

Wewe ulishikilia kipimo cha damu, na ulikuwa na haki. Tulikwenda mimi na fundi. Majibu yametoka: si mtoto wa Baba. Mimi ninayefundisha watu wasidanganywe na ganda nilidanganywa na mkono kiunoni.

Nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso, maana sikutaka alisikie kwa Shangazi. Akafuta bisibisi iliyokuwa safi tayari, akaondoka bila kuaga. Roho iliniuma sana. Kesho yake alirudi. Alikuwa amembana mama yake mpaka akasema kweli: Baba alipoanza kufika kwao, yeye alikuwa anatambaa tayari. Kwa hiyo Baba alijua tangu mwanzo. Na bado alikwenda kila Jumapili, zile Jumapili alizotuambia anakagua mashine kazini, akamfundisha baiskeli, akamsaidia hesabu, akamtafutia mahali pa kujifunza ufundi.

"Miaka yote nilidhani anatimiza wajibu," akaniambia. "Kumbe alikuwa ananipenda tu."

Nikamshika mkono, tukakaa.

Mama nimemweleza yote, bila kumficha hata hilo la Jumapili. Niliogopa atakasirika. Kisha akauliza kama kijana huwa na kazi Jumapili, maana friji ya nyumbani nayo inapiga kelele. Friji ya nyumbani, Kaka, haina tatizo lolote.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Jumapili ukipiga simu, usikate kabla hujaongea na fundi wetu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mpasua Wadudu