Nyumba ya Majani

Jumatatu, 3 Machi. Malaba

Kidato cha Kwanza, neno jani. Jani la mgomba. Majani ya chai. Majani ya ng'ombe. Niliendelea ubaoni mpaka nyumba ya majani. Darasa likacheka. "Mwalimu, hizo bado ziko?" Nikafuta ubao. Ya mama iko, kijijini kwetu Sigalame. Nilizaliwa humo.

Jumanne, 4 Machi

Chai kavu. Kila nikifungua kopo la majani namwona baba. Alikuwa dereva wa lori. Siku ya safari alipika chai mwenyewe, akatia majani mengi mno, ikawa chungu, nasi tukainywa hivyo hivyo kwa kumpenda. Nikiwa darasa la saba alivuka mpaka hapa Malaba kwenda Juba. Hakurudi. Wala lori. Ndiyo maana niliomba kazi huku. Bado nawatazama madereva usoni. Upumbavu. Sitaacha.

Ijumaa, 7 Machi

Kaka yangu Wandera kapiga simu. Paa linavuja juu ya kitanda cha mama. Majani ya kuezekea hayapatikani tena, kila mahali pamelimwa. Amenunua mabati. Nimeyachukia kabla sijayaona. Mama anauliza jambo moja tu: kile kijiti cha kileleni kitakaa wapi? Kwetu kijiti hicho kinasema mwenye nyumba yu hai. Akifa, kinang'olewa.

Jumamosi, 8 Machi. Sigalame

Nimechelewa kufika. Fundi si mtu wa huku. Alianza kazi kwa kung'oa kijiti, akakitupa chini. Mama akapiga nduru ya msiba. Majirani wakaja mbio, wengine wanalia tayari, wanamwita baba kwa jina. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kumlilia. Nilisimama langoni na mkoba wangu, nikalia pia. Nilihisi nafuu. Hiyo ndiyo inayonitisha.

Fundi akashuka ngazi mbio. "Mama, pole. Nilitoa tu ndio nifikie majani."

Mama akajifuta uso kwa leso. Akaokota kijiti, akampa. "Maliza mabati. Halafu urudishe."

"Juu ya mabati? Si watu watasema ni antena?"

"Wacha waseme. Mzee akitokea pale barabarani, hii nyumba ataijuaje?"

Wandera alishika ngazi. Fundi akapanda.

Jumapili, 9 Machi

Mvua baada ya kanisa. Mabati yanapiga kelele, hatusikiani. Chini ya majani mvua ilinong'ona tu. Sauti hiyo nimeipoteza.

Kitanda cha mama ni kikavu. Kijiti kimesimama.

Mama amepika chai yeye mwenyewe. Nilimwona akitia majani, akaongeza, akaongeza tena. Chungu sana. Tumeimaliza.