Koti Lililotembea Jumatano

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, lile goti limepunguza kiburi, na dada na wanawe hawajambo. Mimi mwili ni mzima, nakula na kulala. Moyo ndio mgonjwa, na ugonjwa wenyewe nimejitakia.

Najua aliyekuletea barua hii ni mdogo wako, mjomba wangu, na najua umeapa hatakanyaga tena nyumba yako. Huenda sasa hivi umemwacha nje ya mlango na begi lake. Sikuombi umkaribishe bado. Nakuomba ukae, uvae miwani, usome mpaka mwisho bila kuruka hata mstari.

Mama, huwa unawatambia majirani kwamba mwanao ni mpelelezi mkubwa mjini. Ukubwa huo niliutia chumvi mwenyewe. Ofisi yangu ni chumba kimoja ghorofa ya tano, dirisha linatazamana na ukuta, na lifti hufanya kazi ikijisikia. Mlangoni nilibandika maandishi, UPELELEZI WA KILA AINA, lakini aina niliyoizoea ni paka waliopotea, na wengi wao hurudi wenyewe. Chini kabisa, ukitokea uani, ndipo mjomba anapofanyia udobi wake. Unajua kuwa nilipofika mjini ni yeye aliyenipokea. Usichojua ni kwamba alinilaza juu ya meza yake ya kupigia pasi miezi minne, yeye akalala sakafuni.

Sasa, mpelelezi hawezi kumfuata mtu kila siku na shati lilelile, na mimi nilikuwa nayo mawili tu. Nikaangalia kazi ya mjomba. Nguo zinaletwa Jumatatu, kufika Jumanne zimeshafuliwa na kunyooshwa, na wenyewe huzifuata Ijumaa. Katikati hapo zinaning'inia tu, zinakula upepo. Nikamwomba niwe naziazima. Alikataa katakata, akasema nguo ya mteja ni amana. Nikamsihi wiki nzima, nikamkumbusha kwamba tangu baba afariki yeye ndiye baba yangu. Hapo akalegea, kwa sharti nisizivae kwenye mvua, na kila niliyoirudisha aliinyoosha upya bila kunung'unika. Basi mama, nimevaa suti za mawakili na ovaroli za mafundi umeme. Siku moja nilivaa joho la mwanakwaya, watu wakanisimamisha barabarani niwaombee.

Ndipo akaja mfamasia wa ghorofa ya tatu, mwanamke anayetoa maneno kama anavyotoa vidonge, mawili mawili. Mumewe ni fundi miwani, mtu mpole, na ana koti la rangi ya haradali lenye kifungo kimoja cheusi alichokishona mke mwenyewe kwa uzi mwekundu. Majirani walikuwa wamemjia na umbea kwamba koti hilo limeonekana stesheni nyuma ya nguzo, likaonekana bustanini nyuma ya gazeti, na kote huko lilikuwa likimnyemelea mwanamke mwenye kofia. Mumewe aliapa hajafika huko. Yeye hakumwamini. Alikuwa ameshafungasha, na mwisho wa wiki angehamia kwa dada yake, ndoa ya miaka ishirini iishie hapo. Aliniambia anataka ukweli tu, hata ukiuma.

Haki ya Mungu mama, sikulitambua lile koti. Nguo za watu nilizivaa kama mtu anavyopanda basi. Nani hukumbuka rangi ya kiti? Nikachukua daftari, nikaingia kazini kifua mbele.

Muuza magazeti wa stesheni alikumbuka vizuri sana. Alisema ni mtu mrefu, alijikunja nyuma ya nguzo akidhani haonekani, kumbe abiria wote walikuwa wanamtazama na kucheka. Maneno hayo yaliniudhi, sikujua kwa nini. Muuza maua wa bustanini akaongeza kwamba jamaa alikuwa na masikio makubwa. Nikaandika, masikio makubwa, nikapiga mstari chini yake. Mwisho nikamwendea mpiga viatu kiwi wa pale kwenye taa za barabarani. Akanitazama kuanzia viatuni kupanda juu, akaniuliza mbona leo nimeliacha lile koti la haradali, maana lilikuwa limenikaa vizuri.

Niliomba ardhi ipasuke inimeze, ikagoma. Yule mwanamke wa kofia nilikuwa namfuata kwa ajili ya paka. Jirani yake alidhani amemwiba paka wake, kumbe hata hakuwa naye.

Jumamosi wapangaji wote walikusanyika uani, maana mfamasia alitaka waliosambaza umbea ndio wasikie jibu. Nilitoa tiketi ya treni ya Jumatano ambayo mfamasia mwenyewe aliikuta kwenye mfuko wa koti. Kisha nikatoa risiti ya dobi, koti limeingia Jumatatu, limetoka Ijumaa. Kwa hiyo Jumatano koti lilitembea, lakini fundi miwani hakuwa ndani yake. Yule baba wa watu alishusha pumzi, na mkewe akamshika mkono mbele za watu. Uani kukalipuka makofi. Mama, makofi ni matamu! Nilidhani mambo yataishia hapo. Lakini mfamasia hafanyi kazi nusunusu. Aliuliza, sasa aliyelivaa ni nani?

Mjomba alikuwa amesimama kwenye mlango wake, pasi mkononi, ananitazama. Nikafikiria maandishi ya mlangoni kwangu. Nikakufikiria wewe na majirani zako. Kidole kikapata nguvu kuliko ulimi. Nilimnyooshea mjomba.

Mama, mjomba aliisimamisha pasi wima, kama afanyavyo siku zote isije ikaunguza nguo ya mtu. Halafu akasema ni kweli, ni yeye, akawaomba radhi wote. Jina langu hakulitaja.

Watu walizichukua nguo zao, nyingine zikiwa bado mbichi. Mwenye jengo akamtaka ahame. Habari zikakufikia huko, nawe ukamwandikia kwamba amewaaibisha wazazi wenu mpaka kaburini. Barua yako aliisoma mbele yangu, akaikunja, akasema dada yake ana haki ya kukasirika. Na mimi nilikuwa nimekaa palepale, nakunywa chai yake, kimya. Wiki mbili nzima, mama. Mwanaume mzima na ndevu zangu!

Jana fundi miwani alipanda ghorofa zote tano kwa miguu. Alinishukuru kwa kuwa mkewe amefungua mizigo. Kisha akaniambia kwamba macho yake yamezoea kupima watu miaka thelathini, na kwamba lile koti mjomba angelivaa lingefagia sakafu. Akaniwekea mezani miwani ya kuonea karibu, akashuka bila kuaga. Ndiyo niliyoivaa nikiandika barua hii, na inanifaa kweli.

Leo asubuhi mjomba anapanda basi kuja kukuomba msamaha kwa kosa langu mimi. Nilipomwambia ninayo barua ya kumpa akuletee, alidhani nimemwandikia maneno ya kumtetea. Akanishukuru. Mama, alinishukuru! Nimeshawaita wapangaji wote uani saa nne. Nikishaifunga bahasha hii na kumpa, nashuka kuwaambia nilichokwambia wewe, na kama wataniondoa mimi kwenye jengo hili badala yake, ni halali yao. Maandishi ya mlangoni nimeshayabandua.

Sasa inuka, mama, umtazame mlangoni. Koti alilovaa ni langu, nililonunua mwenyewe, ndilo pekee nililonalo. Nimemvalisha kwa sababu ya baridi ya safarini. Tazama mikono ilivyomeza vidole vyake na pindo lilivyomfika magotini. Koti la fundi miwani lilinikaa mimi sawasawa. Umetulea sote wawili, mdogo wako na mwanao, na unajua nani kati yetu ni mrefu na nani ana masikio. Wewe ungelitegua shauri hili ukiwa jikoni, hata bila kugeuka.

Mfungulie. Mpe kiti chenye mgongo, maana amekaa kwenye basi siku nzima, na kama utamwambia pole, mwambie mara mbili, moja ni yangu, nimeshindwa kuitamka. Nisalimie dada na watoto. Majirani waambie ukweli, usinifichie. Hasira zako nazisubiri kwa mikono miwili, ila zije kwangu, zisiishie kwake.

Ni mimi mwanao, uliyemwita tangu utotoni,

Masikio