Digrii Iliyojificha Mgongoni mwa Mkubwa

Alhamisi. Mvua ya asubuhi, jua kali mchana, na jioni hii Kawempe nzima inanuka udongo na ndizi za gonja za kuchoma.

Shajara yangu, leo nimecheka mpaka mbavu zinaniuma. Asubuhi, lakini, nilikuwa na hofu hadi nikachana nywele upande mmoja nikasahau wa pili, na hakuna aliyeniambia mpaka saa kumi. Yote hayo kwa sababu ya karatasi moja.

Nianze mwanzo, maana wewe ninayekuficha ndani ya debe la unga husikii habari za mjini.

Unajua nimepata kazi Zambia. Shule ya wasichana, Ndola, hesabu na fizikia, na nyumba ya mwalimu ipo. Sharti lao lilikuwa moja: nakala ya digrii yangu, yenye muhuri wa afisa wa serikali aliyeiona digrii yenyewe kwa macho yake. Bwana wao anayekusanya karatasi yuko hotelini mjini, na kesho mchana anapanda ndege. Bila muhuri wa leo, nafasi ingekwenda kwa mwingine, nami ningebaki hapa kufundisha watoto sabini kwa chaki ninayoivunja vipande vitatu ili ifike mwisho wa wiki.

Sasa niseme aibu yetu. Digrii yenyewe ilikuwa wapi?

Sebuleni, ukutani, nyuma ya picha ya Mkubwa.

Jina la Mkubwa silitaji hata kwako, na wewe nakuamini tangu sekondari. Baba ni fundi wa fremu, kibanda chake kiko Bwaise, kando ya barabara ya Bombo. Tangu kila duka na kila ofisi ilazimike kutundika picha ya Mkubwa, Baba hajakosa kazi hata siku moja. Wenzake wengi tuliotoka nao Busia wamerudi zao Kenya; yeye anapiga misumari tu, na Mama anatutumia mahindi kutoka shambani.

Mwaka niliomaliza chuo, wasomi walikuwa wanachukuliwa. Mwalimu wetu mmoja alitiwa kwenye buti la gari mchana kweupe, hatukumwona tena. Baba aliogopa sana. Lakini alikuwa pia anajivuna sana, na hapo ndipo matata yalipoanzia. Mtu mwingine angeikunja digrii akaisukuma chini ya godoro. Fundi wa fremu anaweza kweli kukunja karatasi ya mwanawe? Akaigundisha mgongoni mwa picha ya Mkubwa, maandishi yakitazama nyuma, akafunika kwa plaiwudi na skrubu nne. Nani angethubutu kuishusha picha ile aichungulie?

Na gundi yenyewe, banange! Baba huchemsha gundi yake ya ngozi kwenye kopo, na humwambia kila mteja: kitu nilichogundisha mimi hakibanduki mpaka kiama. Nilikuwa nadhani ni maneno ya biashara.

Jumatatu tulijaribu. Mvuke wa birika, wembe mpya, pole pole kama watu wanaomnyoa mtoto mchanga. Pembe ya digrii ikainuka kidogo, na sikio la Mkubwa nalo likaanza kuvimba. Baba akauweka wembe chini. Digrii ikichanika, hakuna Zambia. Mkubwa akichanika, hakuna sisi.

Siku mbili hatukuigusa tena. Leo asubuhi Baba akanywa chai yake isiyo na sukari, akaitazama ile picha, akasema, "Basi nenda naye."

"Na nani?"

"Na yeye. Mzima mzima."

Nikaifunga fremu kwa shuka, bisibisi nikaitia mkobani, nikaenda kwa miguu. Kwenye kizuizi cha Bwaise askari akaninyoshea kidole.

"Wewe! Nini iko ndani ya hiyo shuka?"

"Picha, afande."

Akafunua pembe moja. Akasimama wima kama aliyepigiwa filimbi. Halafu akakasirika.

"Kwa nini unafunika yeye kama maiti?"

"Mvua, afande."

"Mvua nakwisha. Toa shuka. Beba yeye juu! Juu, namna hii! Unapeleka wapi?"

"Ofisini, afande." Na huo ulikuwa ukweli mtupu. Sijawahi kuuogopa ukweli namna ile.

Basi, shajara, kutoka Bwaise mpaka mjini nimeandamana peke yangu. Picha kifuani, kidevu juu, nywele upande mmoja. Waendesha baiskeli walishuka. Mama muuza nyanya alisimama na nyanya mkononi, asijue aishushe au la. Polisi wa kwenye mzunguko alisimamisha magari yote ili nipite, na lori moja la jeshi nalo likasimama. Mikono iliniuma vibaya, lakini ningeishushaje? Nilikuwa nimembeba mtu ninayemwogopa kuliko wote duniani, na ni yeye aliyekuwa ananifungulia njia.

Ofisini watu kama kumi walikuwa kwenye benchi, kimya, kila mmoja na bahasha yake. Afisa ni mzee wa Kiganda, mpole, miwani imemshukia puani.

"Digrii iko wapi, nyabo?"

"Iko nyuma, ssebo."

"Nyuma ya nini?"

Nikaonyesha kwa kidevu. Akaitazama picha yangu, akaitazama nyingine iliyotundikwa ukutani kwake, akavua miwani na kuifuta. Nikatoa bisibisi, nikafungua plaiwudi huku fremu nimeikumbatia. Digrii yangu ikatokea, safi kabisa, haijaliwa hata na mende. Mzee akaisoma neno kwa neno akilinganisha na nakala, akatabasamu aliposoma hesabu. Nakala akaipiga muhuri papo hapo. Lakini kazi yake ina utaratibu: nakala haitoki mlangoni mpaka digrii yenyewe nayo ipigwe muhuri pembeni, isije ikaletwa siku nyingine na mtu mwingine.

"Sawa. Ilaze hapa mezani."

Nikaanza kuilaza. Benchi zima likavuta pumzi kwa pamoja.

Kuilaza digrii juu ni kumlaza Mkubwa chini. Kifudifudi, pua kwenye kidau cha wino, mbele ya watu wote wale. Na kule mwisho wa benchi alikaa bwana mmoja mwenye miwani myeusi. Hapa Kampala ukimwona mtu amevaa miwani myeusi ndani ya nyumba, humuulizi anafanya kazi wapi; ndio hao wanaotia watu kwenye buti.

Mzee aliruka kutoka kitini. "Uso chini hapana! Hapana, nyabo, mimi nina watoto!"

Tukaisimamisha juu ya meza, Mkubwa akiwatazama watu wa benchi, mimi na mzee tukiwa nyuma yake. Mzee akagusa kidogo kwa muhuri, fremu ikayumba kuelekea mbele. Angepiga sawasawa, ingeanguka na kioo kingevunjika. Alitakiwa mtu wa kuishikilia kwa mbele, maana mimi nilikuwa naibana chini isiteleze, na hakuna aliyejitikisa.

Ndipo yule wa miwani myeusi akainuka.

Alikuja taratibu. Akaishika fremu kwa mikono miwili, akasimama pua kwa pua na Mkubwa, akasema, "Piga."

Watu wa benchi wote wakasimama, maana utakaaje? Chumba kizima kimesimama kwa heshima mbele ya Mkubwa, na nyuma ya mgongo wake mzee akainua muhuri. Pa! Naenda Zambia.

Yule bwana hakuiachia fremu. Akainama juu yake, akamnong'oneza mzee, "Ssebo, na mimi nimefuata muhuri. Ni daktari wa ng'ombe. Naenda Botswana." Akavua miwani. Macho mekundu kama nyanya! "Yananiuma wiki nzima. Hata mkate siwezi kununua, muuzaji ananiachia duka anakimbia."

Mzee ndiye aliyeanza kucheka. Halafu mimi, halafu benchi zima, mikono midomoni ili sauti isitoke nje. Woga ulipowatoka, kila mtu akaanza kuonyesha maficho yake. Mkunga mmoja alikuwa amekishonea cheti chake ndani ya pindo la gauni lake la gomesi, akaomba mkasi wa ofisi. Kumbe wote tulikuwa tunaondoka, na wote tulikuwa tumekaa pale tukimwogopa daktari wa ng'ombe.

Nimecheka njia nzima ya kurudi, picha juu, chini ya macho ya askari yule yule, naye ameridhika sana na mimi.

Baba alikuwa kibandani. Akafuta mikono, akaupitisha ukucha kuuzunguka muhuri wa kwenye nakala. Aliuliza, "Picha za pasipoti ulipiga ngapi?"

"Nne."

"Nipe moja."

Akaipaka gundi, akaibandika hapo hapo kando ya digrii, akaikandamiza kwa kidole gumba muda mrefu kuliko gundi inavyohitaji. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila jioni anakunywa chai yake akiitazama ile picha. Majirani husema Fundi anampenda Mkubwa kupita kiasi. Miaka hii yote, na mimi mwenye digrii sikujua kwamba alikuwa ananitazama mimi.

Nilitaka kulia, nikaona heri nimtanie. "Baba, na gundi yako hiyo! Siku mambo yakibadilika tutajibandua vipi hapo?"

Alikuwa anakaza skrubu ya mwisho. Hakuinua kichwa.

"Kubandua kwa nini? Siku hiyo nitaigeuza tu."

Kesho asubuhi napeleka nakala hotelini. Nitakwenda Ndola, nitafundisha, nitamtumia Baba sukari. Lakini siku atakapoigeuza fremu ile, hata kama niko katikati ya kipindi, naweka chaki chini narudi. Nataka niwepo nimshikie misumari.